Bibi, Nimechagua Biokemia

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Najua ungeitikia, "Marahaba, mke mwenzangu," kisha ungelalamika kwamba Kibaha wananilisha nini mbona nimekonda. Nakuandikia kwa sababu Jumapili nilisimama nikasema mbele ya watu wazima. Mimi huyu, uliyekuwa ukinicheka kwamba hata kuku akiingia jikoni namfukuza kwa kunong'ona. Ungekuwepo, nisingelazimika kusimulia.

Unaikumbuka likizo yangu ya darasa la sita huko kwako Kisarawe? Ulikwenda msibani ukaacha mihogo michungu umeiloweka. Nikaona nikusaidie. Siku ya pili tu nikaiopoa, nikaianika mkekani, nikakaa nikisubiri sifa. Uliporudi ulivunja kipande, ukanusa, ukagusisha ncha ya ulimi, ukatema. Ukachimba shimo ukaifukia yote. Hata kuku hukuwaachia. Nililia kwa aibu.

"Kulia hakutoi uchungu," ukasema. "Maji ndiyo yanautoa. Siku tatu, na wakati wa baridi siku nne."

"Kwa nini baridi siku nne, Bibi?"

"Mama yangu alinipa siku, hakunipa sababu. Kasome wewe, uje uniambie."

Nilisoma. Nilipokuwa kidato cha tano mwalimu alitaja muhogo mchungu darasani, nami kalamu ikanigandia mkononi, maana arobaini yako ilikuwa imeshapita. Sikiliza basi. Ndani ya muhogo mna sumu iliyofungwa. Ukiuloweka unalainika, kuna kitu kinaitwa kimeng'enya kinaifungua ile sumu, nayo inatoka na maji na hewa. Kwenye baridi kazi hiyo inakwenda polepole. Mama yako hakukosea hata siku moja. Elimu hiyo inaitwa biokemia, na ndiyo ninayoitaka.

Kikao cha ukoo cha Jumapili kilikuwa cha kunitoa huko. Baba Mkubwa alifika na hesabu zake, kaziandika nyuma ya kadi ya mchango wa harusi ya binti yake.

"Famasia, stashahada, miaka mitatu," akasoma. "Unatoka na koti jeupe, duka la dawa linakusubiri. Biokemia, miaka mitatu ya chuo kikuu. Ada, chumba, chakula. Mkopo wa serikali ukikupa nusu, nusu nyingine nani? Na ukitoka unaitwa nani? Daktari si daktari, mwalimu si mwalimu! Neema wa hapo nyuma kasoma hiyo hiyo, kakaa nyumbani miaka miwili anasuka watu nywele."

Kilichoniuma ni kwamba hakuwa akidanganya. Wiki moja kabla nilikwenda mwenyewe kwa Dada Neema. Sasa yuko kiwanda kimoja cha juisi huko Kwala, anapima juisi kabla haijafungwa, mkataba wa miezi sita sita. Nilimuuliza mshahara, akacheka sana.

"Mdogo wangu, muuza chipsi wa stendi ananizidi."

"Unajuta?"

"Najutia ile miaka miwili ya kukaa. Kusoma sijutii. Juzi nimekuta juisi imechacha, nimezuia mzigo mzima. Meneja kanuna, lakini mzigo haukutoka."

Bibi, nilikuona wewe na jembe lako na lile shimo. Nikarudi nyumbani nimeshaamua.

Kwa hiyo Baba Mkubwa alipomaliza nilisimama.

"Baba Mkubwa, samahani. Hesabu zako ni za kweli. Lakini upande wa mbele wa hiyo kadi, kila mtu humu ndani kachanga. Kuna aliyeuliza harusi italipa baada ya miaka mingapi?"

Baba Mkubwa akaigeuza kadi.

"Mimi ya kwangu sitawadai. Mchango ambao mngenipa siku hiyo, nauomba sasa, wa chuo. Nikiolewa nitavaa gauni la Idi, tutakula pilau ya watu kumi."

"Toba yarabi!" Shangazi akapiga makofi. "Kumbe huyu ana ulimi! Mlikuwa mnamficha wapi?"

"Utajuta siku ukiwaona wenzio kwenye maua ya harusi," Baba Mkubwa akaniambia.

"Labda. Lakini nitajutia cha kwangu."

"Basi mimi kwenye hili simo." Akaondoka, chai kaiacha nusu. Shangazi akasema yeye yumo, hata kama ni kidogo kidogo. Baba akaendelea na chai yake.

Leo asubuhi nilikaa na simu yake kujaza maombi ya chuo. Alikuja akasimama nyuma yangu.

"Famasia umeiweka ya pili?"

"Hapana, Baba."

"Iweke basi, ya akiba."

"Nikiiweka, mtanipeleka huko."

Alinitazama kama anayemtafuta mtoto wake mwingine, yule mkimya. Kisha akaichukua simu, akabonyeza mwenyewe namba yake ya siri, akalipia maombi.

Bibi, watu wananiuliza nitalipwa nini. Sijui, na sitajifanya najua. Huenda nikamaliza chuo nikarudi hapa Kibaha kusuka nywele kama Dada Neema. Nitasuka. Huenda Baba Mkubwa akapita akaniona, akacheka. Acheke. Ila mtu asiniambie kwamba kujua sababu ya jambo ni anasa ya watoto wa matajiri, wakati wewe, ambaye hukuwahi kukalia dawati, uliitaka mpaka ukanituma mimi.

Pumzika, Bibi yangu. Majibu ya chuo yakitoka nitakuja Kisarawe kukusomea mwenyewe, kwa sauti, hata kama majirani watasikia.

Mimi mjukuu wako,
uliyemtuma.