Usiniite Jina

Thika, Jumanne, 1957

Na mimi nilidhani wananiogopa kwa sababu ya ukali!

Wiki tatu sasa, kila nikiita majina asubuhi hapa chuoni, darasa linanyamaza kama kanisani, na kila mmoja anajibu "nipo" kwa kunong'ona. Nikajisifu kwamba nilizaliwa mwalimu. Leo Wekesa, mwanafunzi anayenizidi umri, baba wa watoto wanne, alinisubiri mlangoni na kofia mkononi.

"Mwalimu, samahani. Naomba usiniite jina."

"Kwa nini?"

"Ukiniita nasikia kama nimekufa."

Sikujua nicheke ama nikasirike. Miaka minne nilisoma matangazo ya vifo kwenye redio: jina, kijiji, ukoo, polepole ili walio mbali wasikie. Kumbe nimekuja na sauti ile ile huku, nawazika watu wazima kila asubuhi kabla ya chai.

Kisha akasema, "Baba yangu ulimtangaza wewe. Nilikuwa dukani Ruiru, nimeenda kununua sukari. Ulimtaja vizuri."

Simkumbuki huyo mzee. Hilo ndilo linaniuma.

Nikaingia, nikafunga daftari la majina, nikawaambia kila mtu asimame ajitaje mwenyewe. Kelele zilizotoka hapo! Wekesa alikuwa wa mwisho, na alipomaliza hakuketi.

"Na wewe, Mwalimu? Bado hujajitaja."

Nikataja jina langu. Sauti ilinitoka nyembamba, kama ya mtu anayeomba kazi. Nikangoja wanicheke.

"Yupo!" likaitika darasa zima.