Hatua Arobaini na Mbili Mpaka Bandani

Palo, Minnesota
18 Septemba 1994

Baba mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi mzima, paka mzima, viazi vimekubali mwaka huu. Wewe sikuulizi hali, maana jana nimeiona kwa macho yangu.

Nilikukuta umeketi karibu na mlango wa hiyo nyumba ya wazee, umevaa koti, kofia iko magotini. Yule muuguzi mrefu akaniambia unakaa hivyo kila siku tangu Agosti, na sahani yako inarudi jikoni kama ilivyotoka. Nikakuandikia kwenye karatasi, unarudi nyumbani na mimi? Ukajibu: "Nirudi nikakae jikoni kwako kama gunia la viazi? Nitakuja siku nikiwa na kazi ya kufanya." Ulisema kwa sauti ya kiziwi, ukumbi mzima ukasikia. Kwa hiyo nina mashahidi.

Haya, kazi ipo. Kerezo lako, ile mashine ya kuzungushia mti na kuchonga bakuli, liko kwenye banda langu la uani, nyuma ya sauna yetu ya kuogea mvuke, chini ya turubai, tangu tulipouza nyumba yako ya mjini. Kinachokosekana ni umeme. Nimepima kutoka ukuta wa jikoni mpaka mlango wa banda, ni hatua arobaini na mbili. Nitachimba mtaro nipitishe umeme kabla ardhi haijaganda, na taa ikiwaka nakuja kukuchukua. Niandikie nianzie wapi.

Binti yako,
Marlys


Duluth, 23 Septemba

Binti yangu,

Salamu zimefika. Mimi nipo. Chakula cha hapa hakina chumvi, usimlaumu anayekirudisha.

Umeme si kushona soksi. Nimeufanyia kazi miaka thelathini na minne kwenye mgodi wa chuma, na nimezika watu wawili waliodhani waya umelala. Mwachie kaka yako Dale, yeye nilimfundisha. Akija Krismasi ataangalia. Au tafuta fundi.

Baba


Palo, 27 Septemba

Baba,

Shikamoo yangu ya leo ina hasira kidogo, uipokee hivyo hivyo. Natumaini umekula.

Dale ulimfundisha kweli. Sasa anauza bima Arizona, na mwenyewe ameniambia balbu ya gereji anabadilishiwa na jirani. Krismasi ardhi hii itakuwa chuma. Mafundi wawili niliowapigia simu wamejaa kazi mpaka Mei, na wewe una miaka themanini na mmoja. Mei ni mbali, Baba. Daktari wako alininong'oneza hivyo, nami nakwambia waziwazi kwa sababu ni mwili wako.

Jambo lingine. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, ulikuwa unafunga taa ya sauna. Nikanyoosha mkono nikushikie plaizi. Ukampa Dale, aliyekuwa anachezea chura, mimi ukaniambia, "Nenda kamwambie mama yako alete kahawa." Nikaenda. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Naliandika kwa sababu kwenye barua huwezi kujifanya hukusikia.

Kibali nimeshachukua kaunti, kwa jina langu. Mwenye nyumba anaruhusiwa kufunga umeme wake mwenyewe, mradi mkaguzi aje aupitishe. Uandike usiandike, nachimba. Ila ukinifundisha, nina nafasi zaidi ya kubaki hai.

Marlys


Duluth, 4 Oktoba

Binti yangu,

Mimi mzima. Kichwa kigumu umekitoa kwa mama yako, Mungu amrehemu, si kwangu. Habari ya kahawa nimeisoma.

Sikiliza basi. Kabla hujagusa udongo, piga ile namba ya simu ya kutoa taarifa kabla ya kuchimba, watu wa gesi na wa simu waje wapande vibendera vyao juu ya mabomba yao. Usichimbe kwa kubahatisha, utairusha Palo nzima angani. Kina kiwe futi mbili kamili, si futi mbili za mtu aliyechoka. Chini toa mawe yote, mwaga mchanga, laza kebo ya ardhini, ile ya kijivu, ilegee kidogo kama mtu aliyelala, usiivute. Inapopanda ukutani iingize kwenye bomba.

Ukifika kwenye boksi la jikoni, zima swichi kuu. Halafu usiiamini. Chukua kifaa cha kupimia, kipime kwanza mahali unapojua pana umeme, uone kinafanya kazi. Ndipo upime unapotaka kushika. Kisha rudi ukipime tena pale pa kwanza, isije ikawa kimekufa katikati. Wale wawili niliowazika walipima mara moja tu. Na nyaya zile nene mbili zinazoingia kutoka kwenye meta, hizo zina moto hata umezima kila kitu. Usizisogelee.

Nimechora mengine upande wa pili. Yule muuguzi ananinunulia penseli. Koti nimelitundika, linanibana mkono wa kuandikia.

Baba


Palo, 20 Oktoba

Baba mpendwa,

Mimi mzima kuanzia shingoni kwenda juu. Huko chini sijui nani anaishi.

Mtaro umekwisha! Hatua arobaini na mbili, futi mbili kamili, nimepima kwa fimbo kila hatua tatu. Mawe niliyotoa yanatosha kujenga sauna ya pili. Bomba la gesi lilipita pembeni kabisa, vibendera vya njano vikanionyesha. Ardith, jirani, alikuwa anakuja kila siku na vikombe viwili, anaegemea uzio. "Unamzika nani, Marlys?" Nikamwambia, "Namfukua mtu."

Kebo imelala kama ulivyosema. Ndani ya banda nimefunga boksi dogo, soketi nne, taa mbili, na saketi ya kerezo peke yake. Nilipima mara tatu kila mahali, mpaka nikajiona mjinga. Jana redio ilisema baridi kali inakuja, nikaogopa udongo wa pembeni utaganda nishindwe kuurudisha. Basi nimefukia mtaro wote, nikaukanyagakanyaga na kupiga reki. Hutajua kama uliwahi kuchimbwa.

Mkaguzi, Bwana Hautala, nitampigia simu kesho.

Marlys


Duluth, 20 Oktoba

Binti yangu,

Mimi mzima. Nimekula viazi na samaki. Nakuandikia harakaharaka posta haijafunga, maana nimeamka na jambo ambalo sikukuambia. Kwangu liko wazi mno nikasahau kwamba kwako haliko.

Usifukie mtaro kabla mkaguzi hajauona kwa macho yake. Uache wazi mwanzo hadi mwisho. Hata mvua ikinyesha, hata theluji ianguke.

Baba


Palo, 27 Oktoba

Baba,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako niliipata Jumamosi, nikaisoma nimesimama juu ya kitu chenyewe.

Hautala alikuja Jumatatu. Akatembea kutoka jikoni mpaka bandani na kurudi, taratibu, akitazama udongo wangu uliosawazishwa vizuri. Akasema, "Kazi safi sana, bibie. Ni ya nini?" Nilimwonyesha michoro yako, nikamwapia futi mbili. Akasema yeye hapitishi viapo. Niufungue wote, au ningoje masika. Na yeye tarehe tano Novemba anaingia msituni kuwinda kulungu, kama kaunti nzima, na ofisi haitakuwa na mtu mpaka mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi hata nabii hachimbi hapa.

Usiku ule ule baridi ikapiga. Asubuhi niliingiza sepetu, ikarudi na mlio. Udongo wa juu, unene wa kiganja, umekuwa zege. Nimepiga siku nzima kwa sururu nikapata hatua tatu, na naogopa kuikata kebo.

Nilikaa kwenye ngazi za sauna nikalia, sikufichi. Nililia kwa hasira, si kwa kukata tamaa. Nina siku nane. Kama una jambo jingine lililo wazi mno kwako, liandike leo hii.

Marlys


Duluth, 28 Oktoba

Binti yangu,

Kosa ni langu. Andika hilo ukutani ukitaka.

Na uandike na hili. Mwaka 1951 mimi nilifukia mtaro wa kanisa la Palo kabla ya mkaguzi. Mchungaji na kwaya nzima waliufukua na mimi, wakiimba. Mama yako alinicheka miaka thelathini, nikamkataza asiwaambie nyinyi watoto.

Sasa, ile baridi. Unamkumbuka Eino, mchimba makaburi? Watu hawaachi kufa kwa sababu ardhi imeganda. Eino alikuwa anamwaga makaa ya moto juu ya ardhi, anayafunika kwa mabati, anakwenda zake kulala. Asubuhi sepetu inaingia kama kisu kwenye mkate. Makaa unayo, washa jiko la sauna na usilizime. Fanya hatua saba kwa siku. Kebo iko chini sana, haitalisikia joto, ila zoa makaa yote kabla ya kuchimba. Sepetu itumie mpaka nusu ya kina tu, zaidi ya hapo chimba kwa mikono.

Mwite Ardith aje na sepetu badala ya vikombe.

Baba


Duluth, 7 Novemba

Binti yangu,

Mimi mzima. Wewe?

Barua sijaona. Nimehesabu, siku saba ulikuwa unazo nilipokuandikia, na tarehe tano imepita. Nilimwomba muuguzi akupigie simu, anasema inaita tu. Nimewaza mengi, na mengine ni ya wale watu wawili wa mgodini. Kama umeshindwa, si kitu, Marlys. Nitakaa huku. Niandikie neno moja tu kwamba mkono wako bado unaandika.

Baba


Palo, 9 Novemba

Baba mpendwa,

Mkono ndio huu, tazama mwandiko wenyewe. Viganja vyangu vilichubuka vyote, sikuweza kushika kalamu, na simu sikuisikia kwa sababu nilikuwa uani saa zote za mwanga.

Ya Eino yalifanya kazi. Ardith alikuja kweli na sepetu, na shemeji yake, na sufuria la mchuzi wa kulungu wa mwaka jana. Sauna yangu haikuzimika siku sita. Alhamisi alasiri tulifika mlango wa banda. Kebo haina hata mkwaruzo.

Ijumaa nikampigia Hautala. Mkewe akasema ameshapakia gari. Nikamwambia amfikishie ujumbe: mtaro wa Marlys Koskela uko wazi, na uko njiani kwenda msituni kwake. Akaja. Alikuwa amevaa mavazi ya kuwindia, rangi ya machungwa mwili mzima, wenzake watatu wanamsubiri kwenye gari wakipiga honi. Akashuka mtaroni na fimbo yake, akapima sehemu kumi. Akaingia bandani, akafungua kila boksi, akavuta kila waya kwa vidole. Hakuna uliochomoka. "Nani alikufundisha?" Nikasema, "Baba yangu, kwa posta." Akasema, "Arvid Koskela bado yu hai?" Nikamwambia tunajitahidi.

Alipima umeme kwa kifaa chake, akatia sahihi, akabandika karatasi ya kijani juu ya boksi. Nimefukia tena, kwa mara ya mwisho. Lakini sijawasha kitu. Taa ya kwanza ni yako.

Jumamosi tarehe kumi na mbili nakuja na gari saa nne. Vaa koti.

Marlys


Bandani, Jumapili 13 Novemba

Binti yangu,

Salamu kutoka hatua arobaini na mbili. Mimi mzima. Umekwenda kanisani, nami nimeona nikuandikie, maana haya kwa mdomo siwezi. Ningeyasema kwa kelele, na Ardith yuko uzioni.

Nimekagua kazi yako yote, kwa macho na vidole, na macho ndiyo mabovu. Hautala alikagua kwa sheria, mimi nimekagua kwa kutafuta ubaya. Nimekuta kosa moja. Swichi ya taa umeifunga kichwa chini. Dunia nzima ya hapa huwasha kwa kupandisha, wewe unawasha kwa kushusha. Usiigeuze. Mtu akiingia humu atauliza nani kaifunga, nami nataka kuulizwa.

Kuhusu ile siku ya sauna. Nilikuona umenyoosha mkono. Nilijua kwamba wewe ndiye ungeweza, si yule wa chura. Lakini mgodini hapakuwa na mwanamke hata mmoja, nikaona nitakufundisha kitu halafu dunia ikunyang'anye. Basi nikakunyang'anya mimi mwenyewe, mapema. Ulikuwa uamuzi mbaya, na sikuwahi kukuomba radhi. Nakuomba leo.

Bakuli la kwanza liko kwenye kerezo, la mti wa mbetula, bado halijakaa sawa. Mkanda wa mota unateleza, inabidi uvuliwe na kufungwa upya, kazi ya mikono minne. Ukitoka kanisani usipitie jikoni. Njoo moja kwa moja, na uje na plaizi. Kahawa nimeshapika, humu humu, kwenye soketi yako ya pili.

Baba