Maji ya Hasira

Voi, 9 Juni 1954

Kaka Danson,

Bado nasikia misumari ikigongwa kwenye sanduku la mdogo wetu Jerusha. Mbaazi zimestawi mwaka huu, naye hatazila. Mama anajilaumu tu, maana mzee wa kanisa alimwambia, "Chunguza moyo wako, mama, dhambi utaiona."

Nimesoma habari za Ayubu mara tatu. Alimlalamikia Mungu, na Mungu akasema Ayubu amenena sawa. Basi sisi twajitafutia kosa kwa nini? Labda twaogopa kumkasirikia. Sijui, kaka.

Jana nilifanya kama afanyavyo Bibi anapotoa hasira moyoni: nilijaza maji kinywani, nikayatema chini, nikamwambia Mungu kwamba nimemkasirikia. Mama aliniona, naye akaomba maji ya kutema.

Dada yako,
Mkamburi