Siku Nilipotaja Jina la Okong'o

Nyakwara, mjukuu wangu Otieno,

Barua yako imefika hapa Kisegi. Nyanya yako anasumbuliwa na goti, na mvua imemharibia dagaa za omena alizoanika. Lakini tuko.

Unauliza kama uende kwa kile kikundi cha watu wanaoacha pombe, na unasema unaogopa kutaja jina lako mbele yao. Mimi niliogopa kuliko wewe.

Miaka ya tisini, baada ya chang'aa kumuua ndugu yangu, nilisikia kuna kikundi kama hicho Homa Bay, katika darasa nyuma ya kanisa. Jumanne mbili niliishia mlangoni. Ya tatu nikaingia, mwenyekiti akaniuliza jina.

“Okong'o,” nikasema.

Wakacheka. Si unajua maana yake, mtoto aliyezaliwa pombe ikipikwa. Mlevi anaitwa Pombe! Nikainuka, na nilijua vizuri miguu ingenipeleka wapi.

Mama mmoja karibu na dirisha hakucheka. “Mimi naitwa Akong'o, jina letu ni moja,” akasema. “Nililewa nikamlalia mtoto wangu. Nilipoamka alikuwa amekufa. Kaa hapa, baba.”

Nikakaa.

Mpaka leo sijui kama alikuwa amewahi kuwaambia jambo hilo, au alilitoa siku ile kwa ajili yangu tu. Tulimzika kabla sijamuuliza.

Nenda, nyakwara. Wakicheka, usikimbilie mlango. Angalia kwanza nani hajacheka.

Babu yako,
Okong'o