Mistari Niliyojichorea Shingoni

Dunga, Jumapili, 1995. Jua kali tangu asubuhi, hakuna upepo hata kidogo. Nimeenda kanisani lakini mahubiri sikuyasikia.

Nimefanya ujinga. Wacha niuandike ulivyo.

Wiki iliyopita nilikuwa hospitali Nairobi kwa ajili ya huu uvimbe chini ya taya. Waliniingiza kwenye mashine ya picha, kisha daktari akanionyesha shingo yangu kwenye filamu, imekatwa vipande vipande kama samaki mbuta sokoni. Niliacha shule darasa la tano, lakini hiyo niliielewa. Uvimbe ninaoushika kwa kidole ni sehemu tu. Sehemu nyingine imeingia ndani, inaelekea nyuma, karibu na uti wa mgongo. Daktari akauzungushia penseli wote. Halafu wakanichora shingoni kwa wino wa zambarau, misalaba na mistari. Wakasema miale ya mashine ya kuunguza uvimbe itafuata alama hizo, nisizifute mpaka nirudi Jumanne hii kuanza matibabu.

Kwetu ni Kitui, lakini huko hakuna kazi, kwa hiyo nikarudi hapa ziwani. Mimi ni kibarua wa Baba Atieno, fundi wa mashua. Aliponiona alicheka mpaka akaweka randa chini.

"Wewe Mkamba! Nani amekupiga uzi kwa shingo? Wanataka kupasua wewe mbao?"

Nilicheka pia. Sisi kabla ya kupasua ubao tunapiga uzi wenye chaki, msumeno unafuata alama.

Lakini mbao zinabebwa begani. Jasho likafanya kazi yake. Jana jioni nilijitazama kwenye kioo, nikakuta umebaki msalaba mmoja tu, nyuma ya sikio.

Niliogopa. Nikachukua kalamu ya biki, nikapapasa uvimbe, nikachora kuuzunguka. Nilichora vizuri, mkono wangu umezoea mistari.

Leo tukiwa tumesimama kuimba ndipo nikakumbuka ile filamu.

Nilichora ninachokishika. Daktari alichora anachokiona.

Baada ya ibada nilimweleza Baba Atieno.

"Nyamaza tu, bwana," akasema. "Mstari ni mstari. Ukisema, watakurudisha nyuma ya laini upigwe picha ingine. Utangoja mpaka lini?"

Hajakosea. Kule hospitali kwenye benchi nilikaa na mama mmoja wa Port Victoria aliyekuwa akingojea picha tangu kabla ya mvua. Na uvimbe wangu haungoji. Mwezi uliopita nilikuwa bado nafunga kifungo cha kola.

Nikamuuliza, "Uzi ukihama kidole kimoja, Baba Atieno, wewe unapasua?"

Akaniuliza kama nimekula.

Sasa hivi nimechukua kitambaa chenye mafuta ya taa, nimefuta mistari yangu yote, polepole, nisiguse ule msalaba wao. Ngozi inawasha. Najijua. Mtu wa mashine angeniuliza haraka haraka, ningejibu kwamba alama ni zile zile. Sasa hakuna cha kumwonyesha.

Kesho jioni napanda basi. Nitamwambia alama zimefutika kabla sijavua shati.

Wakinirudisha nyuma ya laini, nitakaa nyuma ya laini. Mungu wangu, isiwe ndefu.