Merikebu Tuliyokumalizia, Mama

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu Jumanne ile uliyotutoka saa nane mchana, Baba akiwa amekwenda dukani kununua betri za redio. Alirudi, akasimama mlangoni, akauliza, "Mbona mmenyamaza?" Akatutazama mmoja mmoja, kisha akakaa palepale kwenye kizingiti na betri zake mkononi.

Watu huandika kwamba siku zikipita machungu hupungua. Sisi hatuwezi kuandika hivyo. Tungekuwa tunakudanganya, na wewe ulikuwa hudanganyiki.

Miaka thelathini na mmoja ulikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Wenzako walikuita Sista Hesabu, kwa sababu kabla mgonjwa hajashonwa ulihesabu kila mkasi, kila kibano na kila kipande cha pamba, na hesabu isipotimia hakuna aliyeruhusiwa kushona, hata awe bingwa gani mwenye haraka zake. "Daktari, kimoja kimebaki tumboni mwa mtu," ulikuwa ukisema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Nyumbani ulihesabu vijiko. Kila jioni ulituhesabu hata sisi watoto, na tulikuwa wawili tu.

Siku ulipoagwa kazini, daktari mkuu wa upasuaji alisimama akasema kwamba katika maisha yake yote ameona watu wawili tu ambao mikono yao haitetemeki, na yeye hayumo. Ukumbi mzima ulicheka. Miaka miwili baadaye kidole gumba cha mkono wako wa kulia kilianza kucheza chenyewe.

Ulikiita mgeni. "Mgeni kaja, wala hakupiga hodi," ulisema, ukakifunika kwa mkono wa pili. Mgeni akatoka kidoleni akaingia kiganjani, mwisho akavuka na upande wa pili. Daktari wa mishipa ya fahamu alikwambia ugonjwa huo hauponi, hutulizwa tu. Sisi tulibaki koridoni tunalia. Wewe ulitoka ukiwa umeshika bahasha ya vidonge, ukatukuta, ukasema: "Jamani, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyamazeni, tumtafutie huyu jembe lake."

Jembe lenyewe likawa boksi. Uliliona kwenye dirisha la duka la vifaa vya shule: merikebu ya mbao ya milingoti mitatu, ya kuunda mwenyewe, na picha yake juu ya kifuniko. Ulirudi nalo umelikumbatia kama mtoto. Baba akauliza, "Mke wangu, unasafiri?" Ukamjibu, "Nikiimaliza, nakuacha bandarini."

Vipande mia nane na kumi na viwili. Ulivihesabu siku mbili, kimoja kikakosekana, kijipini cha shaba kidogo kuliko punje ya mchele. Nyumba nzima ilipiga magoti kukitafuta. Kilikuwa kimenasa kwenye soksi ya Baba.

Maelezo yaliandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, kwa hiyo uliifuata michoro peke yake, ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha jinsi ulivyozoea kuinua picha za eksirei. Ulianza na ule uti wa chini, ukapachika mbavu zake moja moja. Mbao za ubavuni, nyembamba kama rula, uliziloweka kwenye maji ya moto hadi zikubali kupinda, ukazibana kwa vibanio vya nguo. Baraza letu lilinuka gundi na vumbi la msasa, na nguo zikawa zinaanguka kambani kwa kukosa vibanio.

Ulikuwa na saa mbili tu kwa siku. Vidonge ulivimeza saa mbili asubuhi, saa tatu mikono ikatulia, saa tano mgeni akarudi. "Kliniki imefunguliwa," ulitangaza, na kuanzia hapo hakuna simu wala mazungumzo. Mwaka wa kwanza ulikwisha na mbao. Wa pili ulikwisha na sitaha na mizinga yake midogo. Wa tatu ukaingia kwenye kamba, na kamba, Mama, ndizo zilikuwa mtihani. Kila mlingoti ulitaka ngazi za kamba zenye mafundo madogo kama mbegu za mchicha. Siku njema ulifunga kumi na moja. Siku mbaya ulifunga mawili, kisha ukakata moja. Lakini mezani ulitangaza kama mtu aliyetoka zamu: "Leo saba." Baba akakuongezea chai.

Mdogo wangu, kitinda mimba wako, ni seremala. Kila alipokuja mikono ilimwasha.

"Mama, niachie jioni moja tu nikupigie hizi kamba."

"Wewe una makabati ya watu, nenda kamalize."

"Basi niambie, matanga lini?"

"Matanga mtaweka nyie nikishaondoka. Kwani mna haraka?"

Tulicheka sana siku ile. Mungu atusamehe.

Ugonjwa ulipofika kwenye ulimi, ukawa unasema polepole, neno likikukwama katikati. Ulichukia mtu akikudakia. Ukisema, "Niletee..." na mmoja wetu akakimbilia kusema, "Maji?", uliinua kidole. "Subiri. Neno ni langu." Tulilijua hilo. Hatuwezi kusema hatukulijua.

Mwaka wa tatu uliteleza bafuni, nyonga ikavunjika. Ulilazwa wiki sita. Na hapa, Mama, naliweka pembeni neno "sisi". Anayeandika ni mimi, mwanao wa kwanza, na wazo lilikuwa langu.

Daktari alikuwa ameniita pembeni akaniambia tusitegemee miezi mingi. Nilirudi nyumbani, nikaitazama merikebu mezani. Mlingoti mmoja ulikuwa na kamba zake zote, wa pili nusu, wa tatu ulikuwa mtupu. Kwa mwendo wako ilibaki kazi ya mwaka mzima. Nikampigia simu mdogo wangu.

"Tumalizie Mama merikebu yake. Akitoka hospitali aikute iko tayari."

"Dada, Mama hapendi kumaliziwa sentensi. Atapenda kumaliziwa merikebu?"

"Unataka afe hajaiona?"

Sikumwachia pa kupita. Alikuja na vifaa vyake, akafunga karakana yake siku tisa. Matanga yote nilishona mimi. Baba, aliyeendesha greda maisha yake yote na hajawahi kushika brashi ndogo, alipaka ule mstari mweupe wa ubavuni huku ametoa ulimi nje kama mtoto wa shule. Tulikuwa na furaha, Mama. Nalisema kwa sababu ni kweli na kwa sababu linaniuma. Hazijawahi kupita siku ambazo nyumba yetu ilikuwa na umoja kama zile.

Siku ya tatu mdogo wangu aliniita. Alikuwa ameinamia mlingoti wa kwanza, miwani puani.

"Haya mafundo ya Mama yamelegea. Mengine yamekwenda upande. Nikiweka yangu juu yake, tofauti itaonekana."

"Kwa hiyo?"

"Sijui. Niyafungue?"

Nilikuwa nakunja nguo zako za kupeleka hospitali. Sikuinua hata kichwa. Nikasema, "Fungua."

Mafundo yako ya miezi kumi yalifunguka kwa mchana mmoja.

Ulirudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu, asubuhi ya saa nne. Tulikuwa tumeifunika merikebu kwa shuka jeupe. Mama mdogo alikuwepo, na majirani wawili. Baba akavuta shuka, tukapiga makofi.

Ulitazama. Ukasogezwa karibu, ukatazama tena. Mikono yako ilikuwa imetulia, kwa kuwa ilikuwa saa zake. Ulinyoosha kidole ukagusa ngazi ya mlingoti wa kwanza, ukashuka nayo taratibu hadi chini.

"Nani kafunga hizi?"

"Mimi, Mama," mdogo wangu alisema.

"Zimekaza vizuri." Ukarudisha kidole juu. "Na zangu?"

Nikajibu mimi. "Zilikuwa zimelegea kidogo, Mama. Tukazirekebisha."

"Aha."

Makofi yalikuwa yamekwisha. Jirani mmoja akasema, "Mungu akubariki kwa watoto hawa." Ukasema, "Amina. Asanteni, wanangu." Kisha ukaomba upelekwe kitandani.

Hukurudi tena kwenye meza ile. Mtaalamu wa mazoezi alikuja kukufundisha kusimama, ukamuuliza kwa upole, "Nisimame niende wapi, mwanangu?" Vidonge ulimeza saa mbili kama kawaida. Saa tatu mikono ilitulia juu ya shuka, nawe ukawa unaitazama, saa mbili nzima, hadi ianze tena kutetemeka. Nilikuletea sindano na uzi wa kufuma. Nilikuletea boksi jingine, merikebu kubwa kuliko ile ya kwanza. Hukulifungua.

"Hii ni yako peke yako, Mama. Hakuna atakayeigusa. Naapa."

"Najua. Rudisha tu dukani." Ukanishika mkono, na mkono wako ulikuwa unatetemeka. "Ile ilinikuta nina mikono. Hii itanikuta na nini?"

Ulikaa nasi miezi mitano baada ya hapo. Hukulalamika. Ulikula ulichopewa, ukajibu ulichoulizwa, na ukakwama katikati ya maneno bila kuinua kidole, ukituacha tukumalizie. Homa ya kifua ilipokuja haikuwa na kazi kubwa ya kukuchukua.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mimi na Mama mdogo tulikuwa tunaosha vikombe. Akaweka kimoja chini, akafuta mikono.

"Dada yangu aliniambia neno, akanikataza nisiwaambie. Nimelibeba, limenielemea."

"Sema, Mama mdogo."

"Alisema, 'Wanangu wanadhani wamenimalizia. Wamenimaliza.'" Akaanza kulia. "Lakini alisema mlifanya kwa mapenzi, msiambiwe."

Mdogo wangu alikuwa kwenye mlango wa jikoni, amelisikia. Alikwenda moja kwa moja mezani, akachukua wembe, akakata kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alitaka kuirudisha merikebu pale ulipoiachia. Kisha akasimama, wembe hewani.

"Alikuwa amefika wapi, dada? Niambie alipokuwa amefika."

Sikujua, Mama. Nililala nyumba ile wiki zote zile, nikapita mbele ya meza mara ishirini kwa siku, na sikujua. Mlingoti wa pili, ndiyo, lakini ngazi ipi, upande upi? Tukainamia wote wawili, tukitafuta hata fundo moja lililokwenda upande. Hatukuliona. Mwanao ni fundi mzuri. Alikuwa ameyafungua yote.

Baba akaja akamnyang'anya wembe. "Basi. Mmeshafungua vya kutosha." Ni maneno pekee aliyowahi kutuambia juu ya jambo hili.

Mdogo wangu hajaunda kabati tangu siku ile. Anafundisha vijana kupima na kukata, lakini yeye mwenyewe hashiki randa. Baba husinzia kwenye kiti mchana, akiamka huuliza kama umeshameza vidonge. Mwanzoni tulimkumbusha kwamba umeshatutoka. Siku hizi tunamwambia, "Ndiyo, Baba."

Waliokuja kutupa pole waliizunguka merikebu, wakatingisha vichwa. "Kweli Sista alikuwa na mikono! Na ugonjwa wote ule!" Nasi tukaitikia, "Ndiyo, alikuwa nayo." Tumeitikia hivyo mwaka mzima, mbele ya jamaa na mbele ya wauguzi wenzako waliokujua kuliko sisi. Tumekuvika kazi isiyo yako, baada ya kukuvua iliyokuwa yako.

Kwa hiyo tangazo hili tumelilipia kwa ajili yao pia. Wote mliosimama pale mkaisifu: kamba zile ni za mwanawe seremala, matanga ni ya binti yake, mstari mweupe ni wa mume wake. Mafundo ya Mama yalikuwa madogo, yamelegea, mengine yamekwenda upande, na kila moja lilimgharimu asubuhi yake. Yalikuwa mazuri kuliko yote mliyoyaona. Hamtayaona, wala sisi hatutayaona tena.

Hatukuombi msamaha, Mama. Ulishatusamehe ukiwa hai bila kutuambia, na msamaha huo umetukalia kooni kama mwiba wa samaki: haumezeki, wala hautemeki.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado analala upande wake wa kitanda. Na mimi binti yako. Na kitinda mimba wako. Na mdogo wako, Mama mdogo wetu. Na wajukuu zako wawili wa kike, ambao wanauliza kwa nini tunaandika habari za aibu gazetini. Na wote uliowahesabia mikasi miaka thelathini na mmoja, wakaamka wazima.

Hatutakusahau, Mama, hata siku ambazo kusahau kungekuwa nafuu yetu.