Vibyongo wa Tangi la Nne

Jumatatu, 3 Machi

Vifaranga wa tangi la nne wamepinda. Si mmoja wala wawili — nimechota bakuli moja, samaki hamsini, kumi na tisa wana migongo kama kulabu. Chakula wanakikimbilia kama kawaida, ila wanaogelea upande upande. Msafisha matangi amewabatiza “vibyongo.” Nimecheka. Halafu nikaona aibu. Wana wiki tano tu duniani.

Jumatano, 5 Machi

Tangi la pili nalo. La tano nalo!

Meneja amekuja na viatu vyake vya ofisini, akasimama kwenye maji bila kujali. Anataka kujua kulikoni. Kila mtu akainamisha kichwa. Mimi, na mdomo wangu huu, nikasema mkondo ni mkali mno, kifaranga anayepigana na maji kutwa kucha lazima mgongo upinde. Si uongo, nilisoma mahali. Na pampu ni za nani? Za shemeji. Jina sikulitaja. Kulikuwa na haja?

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa, fundi pampu wa hapa tangu kituo kilipokuwa na matangi mawili. Ndiye aliyenitafutia kazi hii ya kupika chakula cha samaki. Alikuwapo pale pale. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kasimamishwa kazi. Dada kapiga simu, kauliza kama kweli ni mimi niliyesema. Nikamwambia nilisema habari za maji, sikumsema mtu. Akakata.

Ijumaa, 28 Machi

Wiki tatu sasa mkondo umepunguzwa, maji yanatiririka polepole. Matangi yamejazwa vifaranga wapya. Leo nimewachota.

Wamepinda! Wengine hata vifuniko vya mashavu ni vifupi, wekundu wa ndani unaonekana. Tangi la saba peke yake wamenyooka wote. Hao wanakula chakula cha kiwandani, tulikuwa tunakijaribu tu. Maji ni yale yale, pampu ni ile ile, hata joto ni moja. Tofauti ni chakula. Na chakula ni changu.

Nikachota tena bakuli la pili, nikahesabu upya.

Jumatatu, 31 Machi

Daktari wa samaki alikuja na picha za eksirei. Vijifupa vyembamba kama nyuzi, vimepinda kila kimoja kwa namna yake. Akaniuliza vitamini C naiweka saa ngapi. Nikasema naitia kwenye uji wa muhogo, ule wa kushikisha chakula. Ukiwa wa moto? Eeh, ili usifanye mabonge. Akanitazama kwa huruma — heri angenitukana! Akasema vitamini hiyo haivumilii moto, inakufa humo humo sufuriani, na samaki mchanga akiikosa mifupa yake haikomai. Ripoti ataileta wiki ijayo.

Zamani nilikuwa nasubiri uji upoe. Nilianza haraka zangu Januari. Mabonge yalikuwa yananiudhi, na uji wa moto ulichanganyika laini mpaka nikajisifia. Siku moja shemeji alipita mlangoni akauliza, si unauacha upoe kwanza? Nikamwambia ashike pampu zake, sufuria aniachie mwenyewe. Akacheka, akaenda zake.

Akacheka! Hilo ndilo linalonila roho.

Jumanne, 1 Aprili

Leo nimeuacha uji upoe. Sijamwambia mtu. Najiambia ripoti itasema yenyewe, mimi ninyamaze tu. Mwoga mkubwa!

Alasiri karani kanong'ona kwamba barua ya kumwachisha shemeji kazi iko tayari. Meneja hangoji ripoti. Anaisaini Alhamisi.

Jumatano, 2 Aprili

Nimempigia dada mara tatu. Hapokei. Nimekwenda mpaka mlango wa meneja, nikasikia anaongea na simu, nikageuka. Simu yake ilikwisha, nikasikia. Sikurudi.

Alhamisi, 3 Aprili

Shemeji kaja kurudisha funguo za chumba cha pampu. Kakonda. Shati limepigwa pasi vizuri — mkono wa dada huo. Karani kamwambia asubiri kidogo, naye badala ya kukaa ofisini kaja huku stoo kwangu. Kanisalimia kama zamani, kaulizia kifua changu kilichokuwa kikinisumbua, kimepona? Nikasema kimepona, shemeji.

Kisha kaiona sufuria, imefunikwa, haipo juu ya moto. Pembeni yake pakiti ya vitamini, haijafunguliwa. Kaweka kiganja ubavuni mwa sufuria.

“Siku hizi unauacha upoe,” kasema.

Hakuuliza. Hakukasirika hata kidogo. Kavuta ndoo, kaipindua, kakaa juu yake, funguo mapajani.

Naandika nimesimama, daftari juu ya gunia la pumba, kwa sababu mdomo ule uliosema upesi mbele ya watu wote sasa hautaki kufunguka. Karani ameita: fundi aje, meneja anamngoja. Shemeji hainuki. Karani ameita tena.

Shemeji ananitazama mimi.